Mwalimu wa Majini: Waongozaji wa Bahari na Safari ya Majina Yao



Sisi watunzi huitaja bahari kila siku pasi na kulowa. Mashairi tunayapanga kwa bahari zake, mishororo tunaipima kwa mizani na kuifunga kwa vina. Matumizi hayo ya neno bahari tumeyarithi kwa Waarabu, ambao tangu zama za Khalil bin Ahmad, mwanazuoni wa karne ya 8 aliyeweka misingi ya elimu ya arudhi, huita kila aina ya wizani bahari. Nacho kina cha ubeti na kina cha maji hutamkwa sawa, hata mwanafunzi anayeanza kutunga hudhani ni neno moja.

Nimetunga kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo nilidhani naijua bahari kwa kuwa nalijua jina lake. Mwaka jana nilikwenda Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mapumziko ya siku nne. Huko kijana mmoja mvuvi, ambaye siku hizi hupata riziki kwa kuwapeleka wageni kuzama mwambani, alinionyesha kosa nililolichapisha bila haya. Asubuhi ile imenifanya nijiulize: ni nani hasa aliyekuwa akiwaongoza wageni katika bahari yetu tangu kale, aliitwa nani, na majina hayo yamekwenda wapi?

Asubuhi ya bamvua

Tuliondoka ufukweni saa mbili na nusu, siku ya pili baada ya mwezi kuandama. Hatukuhitaji chombo. Mbele ya Jambiani pametanda uwanda mpana wa maji ya kina kifupi, na kwa mbali mwamba umeukinga dhidi ya mawimbi makubwa. Maji yakikupwa, mtu huenda kwa miguu hadi karibu na mwamba wenyewe. Tulivaa viatu vya mpira kwa sababu ya miiba, miwani ya kuzamia tukaining'iniza shingoni. Njiani tuliwapita kina mama waliokuwa wakifunga mwani kwenye kamba, na wengine wakichokoa mashimo ya pweza kwa mti.

Karibu na mwamba palikuwa na bwawa refu ambalo halikauki. Hapo tuliingia. Kijana alikuwa akizama kwanza, akinionyesha kitu kwa kidole, kisha tukiibuka ananitajia jina lake: pono, kikande, chewa, taa. Alisema wageni wa nje huwatajia majina ya Kiingereza aliyofundishwa alipopata mafunzo, na kwamba hakumbuki mara ya mwisho mtu kumuuliza ya Kiswahili. Kati ya mawe mawili palikuwa na dema, mtego uliosukwa kwa fito, ukingojea samaki.

Tulipopumzika juu ya jiwe, bahari ikiwa imerudi mbali na mchanga umebaki mtupu, nilimwambia kwa majivuno kidogo kwamba nimewahi kuitungia shairi hali kama ile. Lilikuwa shairi la maombolezo. Marehemu nilimfananisha na maji yaliyoondoka yakaiacha pwani peke yake, nami hali hiyo nikaiita maji mafu.

Alinyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta namna ya kumsahihisha mkubwa wake.

“Samahani, mwalimu,” alisema. Alikuwa ameniita hivyo tangu aliposikia kwamba nasomesha. “Haya siyo maji mafu. Haya ni maji ya bamvua, ndiyo maana yametoka mbali namna hii, na yatarudi mbali vilevile. Maji mafu yanakuja wiki ijayo. Hayo hayatoki sana wala hayaingii sana.”

Alikuwa sahihi. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku ambazo tofauti ya kina baina ya maji kujaa na maji kupwa huweza kukaribia mita 4 katika visiwa vyetu. Maji mafu huwa baina ya nyakati hizo, mwezi unapokuwa nusu, na bahari hupanda na kushuka kidogo tu. Ufu wake ni wa uvivu wa mwendo. Mimi nililichukua neno kwa sura yake, nikadhani maji yaliyokufa ni maji yaliyoondoka. Shairi lile lilikwishachapishwa, na hakuna msomaji hata mmoja aliyeniandikia kunisahihisha. Hilo ndilo lililonishtua zaidi.

Punde alitazama ukingo wa jiwe na kusema maji yamegeuka, turudi. Nilimwomba dakika tano. Hakubishana nami, alisimama, akanishika mkono. Tulipofika kwenye kamba za mwani maji yalikuwa magotini, na njia tuliyokuja nayo ilikwishafunikwa. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui kina chake, nami nilikuwa nimeyafika na bado sikukijua.

Wanaoijua pwani na lugha yake

Kazi ya kijana yule ni kongwe kuliko hoteli zilizopanga ufukweni. Katika karne ya 1 mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki, na ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitunga mwongozo wa safari unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Anaeleza pwani yetu hadi soko la Rhapta, na anataja kisiwa akiitacho Menouthias, ambacho wanahistoria hukisia kuwa Pemba, Unguja au Mafia. Anasema huko kulikuwa na mitumbwi na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na kwamba watu walikamata kasa kwa vikapu vya kusuka walivyovitega kwenye milango ya maji. Nilipoliona dema lile baina ya mawe nilikumbuka maneno hayo. Yamepita karibu miaka elfu mbili, na fito bado zinasukwa.

Lakini jambo lenye uzito zaidi kwetu wapenzi wa lugha ni jingine. Mwandishi huyo anasema vyombo vilivyokuja Rhapta viliendeshwa na manahodha na mawakala wa Kiarabu waliozoeana na wenyeji, wakaoana nao, wakaijua pwani yote na kuifahamu lugha yake. Ameyaweka mambo hayo mawili pamoja, pwani na lugha, katika sifa za mtu mmoja. Hatujui lugha hiyo ilikuwa ipi. Tunajua tu kwamba hata wakati ule asiyeyajua maneno ya wenyeji hakuwa na njia ya kuyajua maji yao.

Neno pwani lenyewe latufundisha hivyo. Limezaliwa na kupwa: ni mahali ambapo maji hukupwa. Ardhi hii imepewa jina kwa tabia ya bahari, na anayelitamka bila kujua kupwa na kujaa amebeba nusu tu ya neno.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani hii mwaka 1331, ametuachia picha nyingine. Anasimulia kwamba meli ilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji walitoka kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja akamchagua mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala kwa mwenyeji huyo, na biashara yake ilipitia mikononi mwake. Mgeni alihitaji mtu wa kumfungulia mji, na mtu huyo alikuwa na heshima yake.

Leo vijana wanaowakimbilia wageni bandarini Unguja hupewa jina la papasi, mdudu anayeng'ang'ania ngozi na kunyonya damu. Sikatai kwamba wapo wanaostahili jina hilo. Lakini mwanzo wa kazi yao ni ile sahani iliyofunikwa.

Mwalimu kabla ya ubao

Katika vyombo vya Bahari ya Hindi palikuwa na vyeo, na vyeo hivyo viliacha majina katika Kiswahili. Nahodha ni neno la Kiajemi lililotufikia kupitia Kiarabu, na asili yake ni bwana wa chombo. Rubani, kutoka Kiarabu, alikuwa mjuzi wa njia, anayekipitisha chombo penye miamba na kukiingiza bandarini. Naye aliyesoma nyota, akapima latitudo na kuamua mwelekeo aliitwa kwa Kiarabu muallim, yaani mwalimu.

Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Malindi baada ya kupata misukosuko Msumbiji na Mombasa. Mfalme wa Malindi alimpa mtu wa kumwongoza kwenda India. Waliondoka tarehe 24 Aprili, na kabla ya mwezi kwisha tangu siku hiyo walikuwa wamefika Calicut. Historia iliyozoeleka humtaja mwongozaji huyo kuwa ni Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari kutoka Julfar, eneo la Ras al-Khaimah ya leo. Wataalamu wengi wa karne iliyopita wameyakataa madai hayo. Mwandishi wa Kireno João de Barros, aliyechapisha habari hizo mwaka 1552, anamwita Malemo Cana na kusema ni mtu wa Gujarat. Sikio la Mswahili halihitaji kamusi hapo: Malemo ni mwalimu. Mreno alidhani amesikia jina la mtu, kumbe alisikia cheo chake.

Hata kama Ahmad bin Majid hakuwamo katika safari ile, sisi watunzi hatuna budi kumjua, kwa sababu elimu yake ya bahari aliiandika kwa mashairi pia. Alitunga tungo ndefu za kufundishia, kwa bahari ya rajazi, zilizotaja nyota, pepo, miamba na bandari. Mmojawapo, uitwao Sufaliyya, unaeleza njia ya kufika Sofala kupitia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hati yake ilihifadhiwa Leningrad na kuchapishwa mwaka 1957.

Sababu ya kutunga naijua kila mwalimu wa madrasa na kila bibi aliyewahi kumfundisha mjukuu. Karatasi hulowa. Ubeti wenye vina hukaa kichwani, na neno moja likisahauliwa mizani hupungua, msomaji akajua kwamba kuna kitu kimeanguka. Mtu aliyepita usiku karibu na mwamba aliweza kuusoma ubeti wake na kujua nyota gani aifuate. Hapo mtunzi akikosea jina la maji, chombo huvunjika. Mimi nilikosea, na hakuna kilichotokea.

Tangu wakati ule majina yale yamepanda nchi kavu moja baada ya jingine. Mwalimu amehamia darasani. Rubani ameruka na ndege. Nahodha anaongoza timu ya mpira. Usukani umefungwa kwenye gari, dira imeingia katika mipango ya taifa ya maendeleo, na abiria, ambaye zamani alikuwa mtu wa kuabiri majini, anapanda daladala. Silalamiki, kwani lugha huishi kwa kuhama. Ila baada ya wote hao kuondoka, aliyebaki majini na mgeni mkononi hana jina la kumstahi.

Lulu na pumzi

Wageni wa Jambiani huzama kwa raha. Si kila mtu wa pwani yetu aliyezama hivyo. Ibn Battuta huyohuyo anawaeleza wazamia lulu wa Ghuba: mzamiaji alijifunga kamba kiunoni na kubana pua kwa kibanio kilichochongwa kwa gamba la kasa. Kazi iliendelea kwa namna hiyo hadi karne ya 20. Chomboni palikuwa na watu wawili kwa kila pumzi moja: mzamiaji aliyeshuka na jiwe la uzito, na mvutaji aliyebaki juu ameshika kamba, akingojea itikiswe ili ampandishe mwenziwe. Mvutaji akisinzia, mzamiaji alikufa.

Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, biashara ya lulu ilipositawi, wengi wa wazamiaji hao walikuwa Waafrika waliochukuliwa utumwani, wakiwamo waliotoka pwani hii na bara yake. Walizama majira yote ya joto, na ujira wao ukaenda kwa mabwana zao. Baadhi yao walizifikia ofisi za Waingereza za Ghuba kuomba hati za uhuru, na maelezo yao yamehifadhiwa: nilizaliwa huku, nilichukuliwa nikiwa mtoto, nimefanywa mzamiaji. Lulu za kufugwa kutoka Japani pamoja na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ziliiua biashara hiyo. Ngoma ya lewa, inayochezwa Oman na nchi za Ghuba mpaka leo, bado ina maneno ya Kiswahili ndani ya nyimbo zake.

Sisi hupenda mno neno lulu. Mpenzi ni lulu, hekima ni lulu, mtoto ni lulu. Sisemi tuliache. Nasema tu kwamba nyuma ya neno hilo pana mtu aliyeshikilia pumzi kwa amri ya mwingine. Nalo neno kuzamia halikuacha kubeba hatari: vijana wa leo hulitumia kwa yule anayejificha melini ili afike ng'ambo.

Miwani na mtungi

Uzamiaji wa starehe ulikuja baadaye. Mwaka 1943 Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa kilichomwezesha mtu kupumua hewa ya mtungi chini ya maji bila kufungwa na bomba la kutoka juu. Mwaka 1968 Kenya ilianzisha hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, kilifanywa hifadhi mwaka 1994, na Mafia ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza ya Tanzania bara mwaka 1995.

Chumbe walifanya jambo la busara: waliwachukua wavuvi wa vijiji vya karibu na kuwafanya walinzi na waongozaji. Mtu aliyejua chewa analala wapi kwa sababu alitaka kumvua, sasa anamwonyesha mgeni na kumwacha. Elimu ni ileile. Matumizi yake ndiyo yaliyogeuka.

Hata hivyo lugha ya kazi hiyo imekuwa ya kigeni. Vyeti, vitabu na maelezo ya usalama vyote huja kwa Kiingereza, na mwongozaji mzuri hupimwa kwa wepesi wake wa kutaja samaki kwa lugha ya mgeni. Hakuna aliyemkataza Kiswahili. Hakuna anayemuuliza, basi. Neno lisiloulizwa na mgeni, wala na mtoto aliyeko shuleni, wala na mshairi, halina mahali pa kusemwa isipokuwa baina ya wazee wanaosuka madema. Kila mzee anayeondoka huondoka na hesabu ya maji na majina yake.

Aitweje?

Tulipofika mchangani nilimuuliza yule kijana huitwaje kwa kazi yake. Alicheka. Wenyewe kwa wenyewe huitana gaidi, alisema, kwa kuufuata utamshi wa Kiingereza, na wanajua vyema maana nyingine ya neno hilo. Katika karatasi huandikwa mwongozaji watalii. Bibi yake humwita mvuvi, kwa kuwa babu yake alikuwa mvuvi na yeye anayatazama maji yaleyale.

Sikuwa na jina bora la kumpa. Rubani angefikiriwa mtu wa ndege, na nahodha mtu wa mpira. Nilipomuaga alisema, “Haya mwalimu, karibu tena,” nami nikamjibu, “Ahsante, mwalimu.” Alidhani namtania.

Nimerudi kwenye lile shairi la maombolezo ili nilisahihishe. Bamvua halikukaa, kwa kuwa lina mizani tatu na nafasi ni ya nne. Maji kupwa yana mizani nne barabara, na maana yake ndiyo niliyoikusudia tangu awali. Ila kina cha kati kilikuwa fu, na beti zote saba zimesimama juu ya fu hiyo. Mizani imetimia, kina kimevunjika. Nimeanza kulitunga upya tangu ubeti wa kwanza.

Wakati nikihangaika nalo, nina ombi kwenu mnaoishi Lamu, Tanga, Pemba, Kilwa, Mafia na kwingineko. Muulizeni mvuvi mmoja, au mwongozaji mmoja, anayaitaje maji ya siku ile mliyokutana naye: yanapoanza kutoka, yanaposimama, yanapogeuka. Andikeni neno kama alivyolitamka, na siku ya mwezi mliyolisikia.